Seramu Iliyopashwa Joto

Jumamosi asubuhi daktari mtafiti alifungua kabati la joto la maabara, akakuta kazi yake imeharibika. Seli za saratani zilizotakiwa kutulia kwenye kisahani namba sita zilikuwa zimesambaa, na mkwaruzo aliouchora katikati yake kupima kama zitahama umezibika wote. Jumatatu wafadhili walikuwa wanakuja kuamua kama dawa yake iendelee au itupwe.

"Labda dawa yenyewe haifai," alisema Inspekta aliyeitwa kuchunguza, mama mtu mzima asiye na papara.

"Seli haihami bila kuambiwa. Kuna protini zinazokuja kuigonga mlangoni, nayo inapeleka ujumbe ndani: hama. Ndivyo saratani inavyotoka kwenye titi ikafika kwenye ini. Dawa yangu inaziba huo mlango. Tazama, visahani vingine vyote vimetulia tuli."

"Basi hiki kimetiwa kitu."

"Seramu, yale majimaji ya damu. Imejaa hizo protini. Wiki nzima tumezinyima seli zote."

Daktari alikuwa na mshukiwa wake tayari: mtafiti wa chumba cha pili, ambaye hawapikiki naye chungu kimoja. Inspekta alimhoji mlangoni kwake.

"Ningetaka kumkomoa ningemwagia vyote," yule bwana alisema. "Kimoja cha nini?"

Hapo alikuwa na hoja. Inspekta alirudi maabara, akatia kidole kwenye beseni la maji la kupashia. Maji yalikuwa vuguvugu, na chupa tupu ya seramu ikielea ndani.

"Lazima ipashwe?"

"Ikitiwa baridi, seli zinashtuka."

"Mharibifu gani anaogopa kuzishtua?"

Inspekta akamwita fundi wa maabara, mtu aliyefiwa na mke miezi michache nyuma. Yeye ndiye aliyepokea vipande vya uvimbe wa wagonjwa kutoka chumba cha upasuaji na kuvipa namba. Wengine wote walijua namba tu.

"Namba sita ni nani, kaka yangu?"

"Mama watoto wangu."

Daktari alitafuta kiti, akakaa.

"Nilimwaga dawa, nikazipa seramu," fundi aliendelea, sauti kavu, bila hata kulia. "Zilishinda njaa wiki nzima. Yeye naye mwishoni alikuwa hali kitu. Najua ndizo zilizomuua. Lakini hakuna kingine chake kilichobaki hai."

"Kwa hiyo dawa haijashindwa," daktari alisema, kisha akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

"Haijashindwa, daktari. Ilichelewa tu."

Inspekta alitaka kumpa pole, lakini ndani yake hakukuwa na kitu, alikuwa amezisema pole nyingi mno katika kazi hii.

Kanuni ya maabara ni moja: seli za kisahani kilichoingiliwa huuliwa siku hiyohiyo, na kuua ni kazi ya fundi. Alivaa glavu, akashusha chupa ya dawa ya kuulia seli. Hakuimimina. Aliiweka kwanza kwenye beseni, akasimama kando, akisubiri ipate joto.