Fundi Aliyenusa Aproni

Kila asubuhi Fundi alifungua dirisha la chumba cha mbele, akapangusa cherehani yake, akaketi. Mguu wake wa kulia ndio uliokuwa injini. Ukikanyaga, sindano inakimbia. Ukilala, kazi inalala.

Mwezi huo mguu ulilala. Kidole gumba kilivimba na kuwaka moto. Hata shuka likikigusa, Fundi aliuma meno. Zahanati walimpima damu, wakamwambia ana jongo. Walimpa dawa, wakamtaka apunguze nyama nyekundu, hasa maini na figo.

Ilikuwa habari nzito. Mke wake, Mama Pacha, alizoea kusema kwamba mumewe angetafuna hata kengele ya ng'ombe, mradi itiwe chumvi. Lakini mezani palikuwa na vitambaa vya sare arobaini za shule. Shule ingefunguliwa baada ya wiki tatu. Mwalimu mkuu alikwisha sema kwamba zikichelewa, kazi itahamia kwa fundi mwingine, na mwaka ujao vilevile.

Basi Fundi akawaita mkewe na pacha wao wawili, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mimi na nyama tumeachana," alisema. "Talaka tatu."

Mama Pacha alifurahi, akaingia jikoni kwa moyo wote. Yeye aliamini kwamba chakula cha mgonjwa ni cha kuchemsha tu. Mchana kabichi, jioni mchicha, kesho kabichi tena. Hakutia kitunguu wala tone la mafuta. Siku ya tatu, pacha mmoja aliuliza kwa upole kama na wao walikuwa wagonjwa.

Taabu kubwa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Huko palikuwa na bucha, na saa tano kamili mwenye bucha alianza kuchoma nyama. Moshi ulivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, ukaingia dirishani kwa Fundi. Alifunga dirisha, joto likamzidi. Alifungua, mate yakamjaa. Siku moja alishona mkono wa shati kwenye suruali. Aligundua alipokuwa akitafuta mguu wa pili.

Siku ya tano mwenye bucha alileta aproni yake ishonwe mkanda. Ilikuwa imefuliwa, lakini kitambaa kina kumbukumbu zake. Mama Pacha aliingia na kikombe cha maji, akamkuta mumewe ameifunika usoni, macho kayafumba.

"Baba Pacha, unafanya nini?"

"Napima upana wa kitambaa."

"Kwa pua?"

Mlangoni kulisikika kicheko. Alikuwa jirani yao, mpishi wa hospitali, amekuja kuchukua koti lake la kazi. Alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango. Fundi aliikunja ile aproni taratibu, akainamisha kichwa.

"Cheka tu, dada," alisema. "Jana nilifika mpaka kwenye foleni ya bucha. Mguu huuhuu mbovu ndio ulionipeleka. Nikishindwa na hamu hii, sare hizi atazishona mwingine."

Mpishi aliacha kucheka. Aliuliza wanakula nini siku hizi. Mama Pacha akamtajia kwa fahari, kabichi moja baada ya nyingine.

"Shemeji, hiyo si hamu peke yake," mpishi alimwambia Fundi. "Hiyo ni njaa. Umeondoa nyama kwenye sahani, na mahali pake hukuweka kitu. Kabichi ni nzuri, lakini peke yake haishiki tumbo."

Aliwapeleka jikoni. Huko alieleza kwamba kila mlo unahitaji kitu cha kujenga mwili: maharage, dengu, choroko, njegere au karanga. Mayai na maziwa pia wasiyaache, kwa sababu yana virutubisho ambavyo majani hayana. Kisha akachungulia sufuria ya kabichi, akaifunika haraka kama mtu aliyeona msiba, akamgeukia Mama Pacha.

"Mdogo wangu, nani alikwambia mgonjwa hana ulimi?"

Alikata vitunguu, akavikaanga mpaka vikawa vya kahawia. Akatia tangawizi, kitunguu saumu na nyanya, kisha dengu zilizoiva. Mwishoni akakamulia limau. Alisema nusu ya kinachotamaniwa kwenye nyama ni kitunguu na viungo vyake. Fundi alikula sahani mbili. Pacha walilamba vijiko.

Mpishi aliongeza kwamba Fundi asisubiri saa tano akiwa na njaa. Ale kitu saa nne, hata karanga na ndizi. Hamu ikija, anywe maji, ashone kidogo, asubiri robo saa.

"Hamu ni mgeni," alisema. "Asipopewa kiti, huondoka. Na ukijikwaa siku moja, usilale hapohapo. Inuka uendelee. Ila dawa usiache, na zahanati urudi siku waliyokupangia."

Kujikwaa, alijikwaa. Jumapili moja alikula vipande vitatu vya nyama nyumbani kwa kaka yake, akarudi akikwepa macho ya mkewe. Mama Pacha hakugomba. Jioni alimpikia njegere. Jumatatu wakaendelea.

Polepole, kwa dawa na kwa chakula, uvimbe ulishuka. Kidole kilirudi kuwa kidole. Cherehani ilianza kuimba tangu asubuhi. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, Fundi alivaa viatu vyote viwili, akabeba sare arobaini, akazipeleka mwenyewe kwa miguu yake. Mwalimu mkuu alizikagua, akamwandikia hapohapo kazi ya mwaka ujao.

Aliporudi, alimkuta mwenye bucha amesimama mlangoni pake, mikono kiunoni. Uso wake haukuwa wa heri.

"Jirani, sema ukweli," alisema. "Wiki tatu hununui kwangu. Mkeo anasema umeacha nyama. Na kila mchana jikoni kwako kunanukia hivi. Nani anakuuzia?"

Fundi hakubishana. Alimvutia kiti. Mama Pacha alifunua sufuria, akapakua. Mwenye bucha alichungulia bakuli, akakigeuza kijiko chake huku na huku akitafuta mfupa. Palikuwa na maharage tu. Alionja. Bakuli likaisha.

Alitazama nje kwanza, kushoto na kulia. Kisha akasogeza bakuli kwa Mama Pacha.

"Niongezee, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Ila funga mlango. Wateja wangu wasinione."