Moteri Haili Mawese

Kila siku ya soko, Radjabu huwapeleka wanawake wa Kigwena hadi Rumonge kwa boti yake ya mbao. Boti hubeba watu wanane na magunia yao ya ndagala, dagaa wa ziwani, waliokauka.

Zamani moteri yake ilitumia petroli. Petroli ikawa adimu. Radjabu alikuwa akipanga foleni siku mbili, tatu, na wanawake wakakosa soko. Basi koperative ya wavuvi ikampa moteri ya umeme aijaribu. Betri yake huchajiwa kwa paneli za jua zilizo juu ya banda la koperative, pale ufukweni.

Radjabu aliipenda mno. Haikuwa na moshi wala kelele.

"Ila sasa ninasikia umbea wenu wote," aliwatania abiria wake.

"Ziba masikio, endesha!" alijibu Cibalonza, muuza ndagala aliyetoka Uvira, mama asiyekosa jibu.

Wiki ya tatu mambo yakageuka. Asubuhi moja, katikati ya safari, moteri ililia pii, pii, kisha ikazimika. Upepo ulikuwa unavuma na maji yakaanza kuingia. Radjabu na Cibalonza walipiga makasia. Wengine walichota maji kwa mabeseni. Walifika Rumonge wamechelewa, soko limekwisha kuchangamka, mikono imechubuka, ndagala wamelowa chapachapa. Radjabu aliona aibu mpaka akashindwa kuinua macho.

"Radjabu, mimi iko na watoto wane," Cibalonza alisema. "Sitapanda tena hii boti yako. Muzigo nitaweka ku velo, nipite barabarani."

Wengine waliafiki kwa kichwa, wakajitwisha magunia yao.

Mchana huo koperative ilimwambia wazi: boti ikikosa abiria Jumamosi, soko linalofuata, moteri itapelekwa kwa wavuvi wa Gitaza. Radjabu alirudi nyumbani ameishiwa nguvu. Bila moteri angefanya kazi gani?

"Ile moteri iko mubovu," alimwambia mkewe, Mwamini. "Betri niliichaji kutwa nzima!"

"Basi ita mwenye kuijua," alisema Mwamini. "Kuuliza si ujinga."

Kesho yake akaja Speciosa, fundi wa paneli za jua kutoka Rumonge.

"Amahoro, papa Radjabu. Nionyeshe namna unachaji."

Radjabu aliweka betri bandani. Akashusha chupa ya mawese kutoka kwenye rafu, akachovya kidole, akaanza kupaka meno ya plagi.

"Simama!" Speciosa alipaza sauti. "Unafanya nini?"

"Ninapaka mawese. Chuma ya ziwani bila mafuta inaliwa na kutu. Misumari yote ya boti ninapakaga. Hata baba yangu alipakaga."

Speciosa alitaka kucheka, akajizuia. Alihakikisha plagi haijachomekwa popote, akaipangusa kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilitoka chekundu, kimejaa mchanga. Meno ya plagi yalikuwa meusi, yameungua.

"Ona, papa. Misumari inapenda mawese, sikatai. Lakini hapa mawese inashika muchanga, na umeme haupite vizuri. Plagi inapata moto, inaungua. Betri inabaki na njaa. Hata banda ingeweza kuwaka."

"Lakini ilikaa hapa kutwa!"

"Kukaa mezani si kushiba. Ulitazama kipimo mbele ya kuondoka?"

Radjabu alikuna kichwa. Enzi za petroli alikuwa akitikisa kidumu tu, akajua kilichobaki. Betri haitikiswi. Na kile kioo kidogo chenye namba hakuwahi kukitazama.

Speciosa alifunga plagi mpya. Kisha akasema polepole, ili Radjabu na Mwamini washike:

"Mbele ya kugusa plagi, mikono ikauke. Plagi ikichafuka, ichomoe kwanza, ipanguse na kitambaa kikavu. Usipake kitu. Betri ikitoka ziwani na joto, iache kivulini ipoe, ndipo uchaji. Usingoje iishe kabisa. Usiondoke mpaka kipimo kionyeshe imejaa. Na usikimbize sana moteri, mbio inamaliza betri. Ukiona namba inashuka upesi, punguza mwendo, karibia ukingo."

"Na makasia?" aliuliza Mwamini.

"Makasia na majaketi ya kuokoa ni kila safari, hata moteri ikiwa mupya."

"Murakoze," alishukuru Radjabu, na safari hii alitazama chini kwa unyenyekevu.

Alhamisi alikwenda Rumonge na kurudi, yeye na Mwamini tu, kwa mwendo wa kiasi. Walipokaribia Kigwena, Mwamini alisoma kipimo kwa sauti kubwa: "Arobaini na tano, na tumefika kwetu!" Watu wote ufukweni walisikia, na ndivyo alivyotaka.

Jumamosi, mtu wa koperative alisimama ufukweni akingoja. Cibalonza alifika akisukuma baiskeli yake, gunia limefungwa nyuma.

"Kipimo inasema nini?" aliuliza.

"Mia moja."

"Na mikono yako?"

Radjabu aliinua viganja vyote viwili. Vilikuwa vikavu, bila tone la mawese. Cibalonza alivitazama, kisha akaanza kufungua kamba ya gunia.

"Pokea muzigo," alisema. Akavaa jaketi, akaingia botini. Wengine wakamfuata.

Moteri haikwenda Gitaza. Mpaka leo abiria wa Kigwena husoma kipimo wenyewe kabla ya kupanda, na Radjabu huwaonyesha viganja vyake bila kuombwa. Ile chupa ya mawese iko jikoni kwa Mwamini, na maharage ya nyumba hiyo ni matamu kweli.