Aliyekohoa Nyuma ya Jiko

Jioni ya kwanza Adalbert alipoketi katika klabu ya Cercle kama mwanachama, kiti cha kando yake kilikuwa kimeloa. Alikigusa, akanusa kiganja: harufu ya gunia lililonyeshewa. Akatazama dari, haikuvuja. Tena ulikuwa mwezi wa sita, mvua zilikwisha zamani Elisabethville, na vumbi jekundu lilikuwa limefunika hata majani ya miti. Akamwita mtumishi, kiti kikafutwa. Alipogeuka, kilikuwa kimeloa tena.

Alijua ni nini. Hakutaka kujua, lakini alijua.

Yeye na mke wake Delphine walikuwa wamehamia mjini kutoka Kabalo, alipopata kazi ya ukarani, na karani mgeni haishi kuulizwa yuko chama gani. Watu wa kwao, wa kaskazini, walikuwa na chama chao: walikutana uani kwa mtu baada ya misa ya Jumapili, wakanywa munkoyo, wakasaidia wafiwa, wakazikana. Na kulikuwa na Cercle ya wastaarabu: tai shingoni, magazeti ya Kifaransa, wake wakila meza moja na waume zao. Kaka yake mkubwa, Clément, alikuwa akiishi nao katika chumba cha nyuma. Alichimba shaba tangu ujana hadi kifua kikaharibika. Clément alimshauri mdogo wake aende kwa watu wa kwao, kwani huko ndiko mtu anakoliliwa. Adalbert alicheka kidogo, akachagua Cercle.

Cercle haikumpokea mtu kabla ya kuiona nyumba yake. Wajumbe walikuja kutazama meza, vitanda, na kama nyumba haikujaa ndugu. Siku hiyo mvua ilikuwa ikipiga mabati. Adalbert alimwomba kaka yake akangoje nyuma ya jiko mpaka wageni waondoke.  Clément alijifunika gunia kichwani, akatoka.

Wageni walikaa sana, wakasifu kahawa ya Delphine. Kisha kikohozi kikapenya ukutani, kirefu, cha kukwangua kifua. Mkubwa wa wajumbe, Bwana Alexis, akaweka kikombe chini, akauliza ni nani.

"Haiko muntu," Adalbert alisema. "Ni mupita-njia, anajificha mvula."

Delphine aliinamisha macho. Kikohozi kilikatika palepale, kama cha mtu aliyezibwa mdomo. Wageni walipokwenda, nyuma ya jiko hapakuwa na mtu. Wiki ileile ikaja habari kwamba Clément amefia ng'ambo ya mto Naviundu, nyumbani kwa mganga mmoja, Mama Nkandu, na kwamba majirani wamekwisha kumzika.

Sasa, baada ya jioni ya kile kiti, jambo lile lilimfuata nyumbani. Jumapili moja mchana, jua likiwaka, walikuwa wameketi kula waliposikia kikohozi nyuma ya jiko, kile kile, na Delphine alipotoka kutazama aliona ukuta umeloa kwa umbo la mgongo wa mtu, kuanzia mabegani hadi kiunoni, na chini yake dimbwi dogo likiongezeka taratibu ingawa hakukuwa na tone lililoanguka, na harufu ya gunia ikamzunguka mpaka akashindwa kupumua, akarudi ndani akishikilia kuta.

"Baba, iko anangoja," alinong'ona.

"Anangoja nini?"

"Bageni bamalize kwenda. Weye njo ulimuambia angoje."

Kesho yake Adalbert alikwenda Naviundu. Mama Nkandu alimsikiliza huku akimenya mihogo, wala hakuinuka kuchukua dawa.

"Ule haiko jini ya kufukuza," alisema. "Nilimuuliza, kwenu ni wapi, nikuitie nani? Akaniambia: miye ni mupita-njia."

Adalbert alifunika uso kwa mikono. Mama Nkandu akamngoja anyamaze, kisha akamwambia kwamba aliyekanwa mbele ya watu hutajwa mbele ya watu wale wale.

Mkutano uliofuata, Adalbert alisimama kabla ya vinywaji kuletwa. Kando yake kiti kilikuwa kikidondosha maji sakafuni.

"Ile siku mulikuya kwangu," alisema, "mwenye alikuwa anakohola ni yaya yangu, ndugu yangu mukubwa. Jina yake Clément. Mi njo nilimutosha inje, ku mvula. Halafu nikasema haiko muntu."

Hakuna aliyemtazama. Nyayo zenye maji zilisikika zikienda mlangoni, polepole, nyayo za mzee aliyechoka, na mlango ukafunguka na kufungwa. Harufu ikaisha. Adalbert alingoja nafuu, haikuja. Alitega sikio akitamani asikie kikohozi hata mara moja tena, amwite kaka yake arudi ndani.  Akachukua kofia, akatoka.

Bwana Alexis alimfuata hadi uani. Alisogea karibu sana, akasema kwa sauti ya chini:

"Yako imeenda?"

"Imeenda."

"Mama yangu anakamata mukono yangu kila siku, pa kula. Mukono yake iko baridi."

Adalbert alimwambia arudi ndani akamtaje. Alexis alizitazama taa za ukumbi na wenzake waliokuwa wameanza kucheka tena. Akanyoosha tai, akasema labda siku ingine. Akaanza kupanda ngazi, na mkono mmoja wa koti lake ulikuwa ukivutwa nyuma kidogo, jinsi avutavyo kikongwe asiyeona njia vizuri.