Wimbo Ambao Wamuyu Aliuzima

"Sasa anasalimia ng'ombe!" Wamuyu alifoka. "Baba, umesikia? Ng'ombe!"

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka wa 1958, na duka la baba yake, Mzee Mureithi, pale Kiptere lilijaa watu hadi barazani. Wote walikuja kwa sababu ya redio. Stesheni ya Kisumu ilikuwa na kipindi cha wanamuziki wasiojulikana, watu ambao hawajatoa hata sahani moja ya santuri, wakiimba papo hapo. Ukikosa, umekosa. Na leo zamu ilikuwa ya Kipkosgei, mchuma chai wa Boito, mpenzi wa Wamuyu miaka miwili mizima.

Tena Wamuyu mwenyewe ndiye aliyewaita watu. Baba yake alikuwa amemwambia wazi:

"Huyo mtu wa gitaa amekunywa chai yangu miaka miwili bila kusema neno. Siku atakayosema mbele ya watu kwamba anakutaka, nitawapokea wazee wake. Kama hasemi, asikanyage hapa tena."

Kipkosgei alipoambiwa hivyo alicheka tu. "Jumamosi fungua redio," akasema.

Haya, redio ilifunguliwa.

"...huyo ng'ombe mwekundu wa mjomba Kiplangat kule Sigor, aliyepona mguu," sauti ya Kipkosgei ilikwaruza. "Namsalimia nyapara wetu Bosire. Namsalimia Mama Dorcus wa kantini..."

"Na mimi?" Wamuyu aliiuliza redio.

"Nyamaza tusikie," rafiki yake Chepngeno alimvuta leso. "Si bado anaendelea?"

"Namsalimia Mzee Mureithi wa Kiptere, kwa heshima nyingi. Wengine wote ambao sikuwataja, nawasalimia pia."

Wengine wote! Kule nyuma mtu akacheka, na Wamuyu akahisi uso unawaka. Ng'ombe ametajwa pamoja na mguu wake, yeye katupwa kwa fungu la wengine wote!

Akazungusha kitufe. Tap! Kimya.

"We Wamuyu!" watu wakapiga kelele. "Washa! Wimbo ndio unaanza!"

"Betri ni ya baba yangu! Nendeni mkasalimiane huko nje!"

Akaichomoa ile betri, akaikalia. Watu wakatoka mbio, wakavuka barabara hadi hoteli ya Gichana, ambaye naye alikuwa na redio. Mzee Mureithi akavaa kofia, akawafuata. Wamuyu akabaki peke yake, akalia kwa hasira, kisha akatafuta karatasi.

"Kipkosgei. Oa huyo ng'ombe. Usinitafute. Wamuyu."

Jumatatu akampa dereva wa lori la majani chai aipeleke Boito.

Wiki hiyo ilimchosha roho. Kila mteja aliingia akitabasamu.

"Hongera, Wamuyu!"

"Hongera ya nini? Unataka sukari ama hutaki?"

Chepngeno alijaribu kumweleza kitu, Wamuyu akaziba masikio. Baba yake naye akafungua mdomo.

"Baba, usinitajie huyo mtu!"

"Sawa," akasema Mzee Mureithi, akaenda zake kununua viti vinne.

Jumamosi iliyofuata Wamuyu alikuwa anapima mafuta ya taa, leso imechafuka, wakati wazee wanne walipoingia. Mbele alikuwa mjomba Kiplangat. Nyuma yao, Kipkosgei na gitaa lake.

"Wewe! Kwani barua yangu haikufika?"

"Ilifika. Hata wazee wameisikia, maana mimi kusoma bila kutoa sauti siwezi."

"Na ng'ombe wangu amekataa kuolewa," Kiplangat alisema bila kucheka.

"Kipkosgei, usinichezee! Umesalimia dunia nzima, mimi ukaniruka!"

"Sasa ningekusalimia kama nani? Salamu ni za wazee na watu wa mbali. Wewe nilikuwekea wimbo."

"Wimbo gani?"

Watu dukani wakatazamana.

"Huo uliouzima," akajibu Mzee Mureithi, akipanga viti. "Mimi niliusikia kwa Gichana. Jina lako limo mara saba. Mwishowe akasema mbele ya watu wote kwamba anakutaka, na leo analeta wazee. Nilitaka kukuambia, ukakataa."

Wamuyu akaweka chupa chini. Kumbe zile hongera! Wimbo wake mwenyewe, Kiptere yote inaujua, na yeye peke yake hakuusikia.

"Nisamehe," akasema polepole. "Nilidhani umeniona si kitu."

"Na mimi nilikuwa natetemeka mpaka vidole vinateleza kwa nyuzi. Nilijipa moyo kwamba unanisikia."

Hapo Wamuyu akashindwa kumwangalia usoni.

"Kaeni, wazee," Mzee Mureithi akasema. "Lakini kabla hatujaongea, huyu mtoto apewe wimbo wake."

Kipkosgei akashika gitaa, akakohoa.

"Kwanza, namsalimia Mzee Mureithi. Namsalimia mjomba Kiplangat, pamoja na..."

"KIPKOSGEI!"

Basi akaimba. Jina lake lilipotajwa mara ya kwanza, Wamuyu alijifunika uso kwa leso. Ya nne, machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Ya saba ilipopita na gitaa likanyamaza, wazee wakageuka waanze mazungumzo yao.

"Ngojeni," Wamuyu akawaambia. Akamtazama Kipkosgei. "Rudia."