Orodha ya Wanaotafutwa

Herman na familia yake waliishi chini ya Mlima Hanang, njia ya kwenda Mogitu. Walilima mahindi na mbaazi. Walifuga ng'ombe wawili wa kulimia. Herman alikuwa mtu wa maneno machache. Mke wake, Fabiola, ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili. Mama yake Herman, Bibi Agatha, aliishi nao. Kila Jumapili alikuwa wa kwanza kufunga kilemba, na wa kwanza kulalamika kwamba wanachelewa misa.

Jumapili moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walikuwa wanakunywa chai waliposikia mlima unanguruma. Herman alitoka nje, akatazama juu, akarudi mbio.

"Tope linakuja! Mama, Fabiola, pandeni kigangoni. Msichukue kitu!"

Fabiola alimbeba Evaline, binti yao wa miaka minne. Akamshika mama mkwe mkono. Kigango, kanisa lao dogo la kijijini, kilikuwa juu ya kilima, mwendo wa dakika kumi. Herman alikimbilia zizini kuwafungulia ng'ombe.

Walipofika juu waligeuka. Zizi halikuwepo. Nyumba haikuwepo. Tope, mawe na miti vilikuwa vinapita pale walipokuwa wanakunywa chai.

Baada ya siku ile walihamia shuleni, katika darasa moja na familia nyingine nne. Serikali ilileta magodoro, unga na dawa. Watu wa vijiji vya juu walileta maharage na nguo. Wanawake walipika kwa zamu. Kila jioni Bibi Agatha alimwekea Herman chakula kwenye bakuli, akalifunika. Asubuhi aliwapa watoto chakula kile.

Siku ya tatu, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nicodemo, alipita na daftari.

"Kwenu kuna mtu asiyeonekana?" aliuliza.

Bibi Agatha alijibu kabla Fabiola hajafungua mdomo.

"Hakuna. Herman anarudi."

Mzee Nicodemo alimtazama Fabiola. Fabiola aliinamisha kichwa. Angembishia vipi mama mkwe mbele ya watu? Mzee Nicodemo alisubiri kidogo, kisha akaenda darasa linalofuata.

Wiki tatu zikapita.

Kwenye darasa lao alikuwepo Zulfa, aliyekuwa anauza vitenge mnadani. Siku moja yeye na Fabiola walikuwa wanachambua maharage pamoja.

"Mama Evaline," Zulfa alisema polepole, "baba Evaline mmemwandikisha?"

"Mama hataki. Anasema ukimwandikisha umemzika."

"Mimi nilimwandikisha kaka yangu Muksini siku ya pili. Siku ya nne wakampata hospitali. Taya lilikuwa limevunjika, hawezi kusema hata jina lake. Kama asingekuwa kwenye orodha, wangejuaje ni wa kwetu?"

Fabiola aliacha kuchambua. Aliinuka, akaenda ofisi ya walimu. Hapo alikaa Restituta, afisa ustawi wa jamii. Kazi yake ilikuwa kusaidia familia zilizopatwa na maafa.

"Mume wangu haonekani," Fabiola alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo. Alilia sana. Restituta alimwacha alie.

"Wewe ni mke wake," alimwambia baadaye. "Unaweza kumwandikisha hata sasa hivi. Lakini naona unamheshimu mama yake. Twende tukaongee naye."

Bibi Agatha alikuwa ameketi mlangoni. Restituta aliketi chini karibu naye. Hakutoa karatasi wala kalamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umekuja kuandika, mwanangu hajafa."

"Sijaja kuandika kifo, bibi. Orodha ya waliofariki iko peke yake. Niliyo nayo mimi ni ya wanaotafutwa. Nakala yake iko hospitalini, iko polisi, na wanayo wanaochimba tope. Wakimpata mtu, mzima au asiye na fahamu au marehemu, wanaangalia humo."

"Na asiyeandikwa?"

"Akipatikana, wanakosa wa kumwita."

Bibi Agatha akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo wiki zote hizi, hakuna aliyekuwa anamtafuta mwanangu?"

Restituta hakumdanganya. "Wanaochimba wanatafuta watu wote, bibi. Ila hawajui kwamba kuna Herman."

Bibi Agatha alifunika uso kwa khanga. Fabiola alimshika bega. Walikaa hivyo mpaka watoto wakatoka kunywa uji.

"Leta karatasi," Bibi Agatha alisema.

Restituta aliuliza taratibu. Jina kamili. Umri. Urefu. Mara ya mwisho alionekana wapi?

"Alivaa nini siku hiyo? Semeni mnachokikumbuka kweli. Msichokikumbuka, semeni hamkumbuki. Kukisia kunaweza kutupeleka kwa mtu mwingine."

"Sweta la kijani," Fabiola alisema. "Kiwiko cha kulia nilikitia kiraka cha kaki."

"Alama ya mwilini?"

Fabiola alitaka kujibu, lakini Bibi Agatha alimtangulia. "Chini ya goti la kushoto ana kovu la moto. Alikanyaga jivu akaanguka. Alikuwa anajifunza kutembea."

"Asante, bibi. Sasa kuna kipimo. Mganga wa hospitali atapitisha pamba ndani ya shavu lako. Haiumi. Mwili wa mama na wa mwanawe una alama zinazofanana. Kipimo hicho kinasaidia pale ambapo macho hayatoshi. Hamlipi kitu. Mtu yeyote akiwapigia simu akitaka mlipe ili ndugu yenu atafutwe, msikubali. Mwambieni Mzee Nicodemo au polisi."

Mwezi mmoja baadaye Restituta alirudi. Hakuingia na salamu za haraka. Aliomba waketi wote wawili.

"Tumempata Herman," alisema. "Amefariki. Poleni sana, mama zangu."

Alikuwa amepatikana wiki ya kwanza, mbali chini kwenye korongo. Hakuna aliyemtambua. Alizikwa katika makaburi ya wilaya, kwenye kaburi lenye namba. Lakini hospitali walikuwa wameandika kila kitu: sweta, kiraka, kovu. Kipimo cha Bibi Agatha kilithibitisha.

"Alizikwa peke yake?" Bibi Agatha aliuliza.

"Hapana, bibi. Padre alikuwepo, na mchungaji, na shehe, na watu wengi wa mjini. Walimwombea. Walikosa jina tu."

Siku ya Alhamisi walikwenda makaburini. Waliambiwa wanaweza kuomba kibali cha kumhamisha. Bibi Agatha alitazama makaburi mengine, mengi yakiwa ya majirani zake.

"Aachwe hapa," alisema. "Yuko na watu wa kwetu."

Fundi aling'oa kibao cha namba, akasimika msalaba wenye jina: Herman Hhando. Bibi Agatha alipapasa herufi moja moja. Jioni ile, shuleni, wanawake wote walikuja kuwapa pole, na kilio kilichokuwa kimezuiliwa kikatoka.

Baadaye Fabiola alipata cheti cha kifo. Kwa cheti hicho alifungua mirathi, na shamba la mumewe lililobaki juu ya kilima likaandikwa jina lake na la Evaline. Serikali ilipogawa viwanja mbali na korongo, kaya yake ilikuwemo.

Wiki moja kabla ya kuhama, Bibi Agatha alisikia habari za Bonaventura, mzee aliyekaa katika darasa la mwisho. Mke wake, Judica, hakuwa ameonekana tangu siku ya tope. Mzee aliwafukuza wote waliokuja na daftari. Bibi Agatha alijifunga khanga, akaenda. Alimkuta ameelekea ukutani. Akaketi.

"Na mimi nilikataa," alimwambia. "Nilidhani namlinda. Mwanangu akalala bila jina, na mimi nipo hapa nalijua."

Bibi Agatha hakuondoka. Alikaa hapo mpaka kivuli cha mlango kikahama.

Mwishowe mzee aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Yule binti wa ofisini," aliuliza, "bado yupo?"

"Yupo. Twende nikusindikize."

Walivuka uwanja wa shule polepole, wazee wawili. Restituta aliwavutia viti. Bonaventura alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Anaitwa Judica," alisema. "Alivaa gauni la bluu. Andika, mwanangu. Mtafuteni."