Gari Lililokataa Kurudi Nyuma

Karakana ya seremala ilikuwa uani kwake, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Asubuhi randa ilipoanza kulia, mkewe alifunga dirisha. Hakutaka chai yenye unga wa mbao.

Watu walimwita Jicho. Jina hilo alilipata kazini. Maseremala wengine hupima mara mbili ndipo wakate. Yeye alifumba jicho moja, akautazama ubao, akakata. Ubao na nafasi yake vikawa kama chanda na pete. Wateja walimsifu, naye sifa hizo zilimkaa vizuri.

Mama yake mzazi aliishi naye. Bibi huyo alikuwa mzito wa masikio, lakini miguu yake haikujua kutulia. Kila siku alichukua kikapu, akainama uani kuokota maranda na vipande vya mbao vya kuwashia moto.

"Mama, kaa upumzike," Jicho alimwambia kwa sauti ya juu.

"Nikikaa nitashika kutu," mama alijibu, akaendelea kuokota.

Kwa miaka mingi Jicho alibeba meza na viti kwa pikapu yake kuukuu. Pikapu hiyo ilipofika mwisho wake, binti yao mkubwa aliwaachia gari lake. Binti huyo alikuwa muuguzi, naye alikuwa amehamishiwa kazi mbali. Gari lilikuwa la kisasa, pana kwa nyuma. Viti sita vya kulia chakula viliingia bila kusukumana.

Mke wa Jicho alilipenda siku ile ile. Jicho alikuwa na neno.

"Gari hili lina mdomo," alisema.

Ni kweli lilikuwa na mdomo. Jicho akirudi nyuma karibu na ukuta, lilianza kulia, ti, ti, ti. Akisogea zaidi, lililia mfululizo. Kwenye kioo cha dashibodi ilitokea picha ya kilichokuwa nyuma, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa na kamera. Jicho hakuitazama picha hiyo hata kidogo. Yeye aligeuza shingo, akatazama vioo vya pembeni, akarudi nyuma kama alivyozoea.

"Lakini baba watoto, si linakusaidia?" mkewe aliuliza.

"Linisaidie nini? Mimi nimeendesha tangu hujanijua. Umewahi kuona nimegonga hata ndoo?"

"Sijaona."

"Basi. Sihitaji kuongozwa na filimbi."

Siku moja alichoka na kelele zile. Alitafuta kwenye dashibodi, akaona kitufe chenye picha ya gari na mistari kama mawimbi. Akakibonyeza. Gari likanyamaza. Jicho akatabasamu kama mtu aliyemshinda mkwe wake kwenye bao.

Asubuhi iliyofuata alikuwa na meza ya kupeleka kwa mteja. Alikuwa amechelewa. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, mbele yake ukuta, nyuma yake karakana na njia ya kutokea. Alipakia meza, akafunga mlango wa nyuma, akaingia ndani kuchukua ufunguo. Mkewe alimpa kikombe cha chai. Alikunywa amesimama, akatoka mbio.

Aliwasha gari. Alitazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia. Kwenye kioo cha ndani aliona miguu ya meza tu, maana meza ilikuwa imeziba dirisha la nyuma. Akaweka gia ya kurudi nyuma, akaachia breki. Gari likaanza kurudi taratibu.

Mara gari likajifunga breki.

Halikupunguza mwendo. Lilisimama papo hapo. Meza iligonga mlango wa nyuma na mgongo wa Jicho ukabanwa kwenye kiti. Taa nyekundu iliwaka mbele yake. Mguu wake haukuwa umegusa breki.

"Haya, sasa limekuwa jini," alinung'unika. Akakanyaga breki, akaweka gia ya kuegesha, akavuta breki ya mkono. Akashuka kwa hasira kwenda kutazama kilichoharibika.

Nyuma ya gari alimkuta mama yake.

Alikuwa ameinama, mgongo wake umelielekea gari, kikapu kimesimama kati ya miguu yake. Alikuwa anachomoa kipande cha mbao kilichozama kwenye maranda. Kati ya mgongo wake na bampa pangeweza kupita kiganja cha mkono, si zaidi.

Mama aliinuka polepole, akageuka, akamwona mwanawe.

"Bado hujaenda?" aliuliza. "Nilidhani umechelewa."

Jicho alikaa chini juu ya maranda. Mama alishtuka, akamwita mke wa Jicho. Mke akatoka mbio. Jicho aliwaeleza kwa maneno mafupi, huku ameshika pindo la gauni la mama yake kama mtoto.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alilitazama gari, akamtazama mwanawe.

"Kwa hiyo gari limeniona, wewe hukuniona?"

"Ndiyo, mama."

"Basi lina adabu kuliko wewe," mama alisema. Lakini alimwekea mkono kichwani.

Siku hiyo Jicho hakupeleka meza. Alimpigia simu mteja, akamwomba radhi. Kisha akaenda nyumba ya jirani.

Jirani huyo alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake walimwita Mama Usukani. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, asiyependa kumfokea mtu. Jicho alimweleza yote, hata habari ya kitufe.

Mama Usukani hakucheka. "Pole sana, jirani," alisema. "Twende tukalitazame pamoja."

Uani, alianza kwa kuchuchumaa nyuma ya gari. Alimwonyesha Jicho vidude vidogo vya duara vilivyopachikwa kwenye bampa.

"Hizi zinaitwa sensa," alisema. "Umewahi kupiga kelele mbele ya mlima, sauti ikakurudia?"

"Mara nyingi."

"Sensa hufanya hivyo hivyo. Hutoa sauti ambayo masikio yetu hayaisikii. Sauti ikigonga kitu, inarudi. Ikirudi upesi, gari linajua kitu kiko karibu. Kwanza linakuonya kwa mlio. Usipojali, nalo likiwa na breki ya dharura, linafunga breki lenyewe."

"Lakini mimi niliuzima mlio."

"Kwa bahati yako, kwenye gari hili kitufe kile kinazima mlio tu. Breki ilibaki macho. Kuna magari ambayo ungekuwa umezima vyote viwili kwa mkupuo. Ndiyo maana ni lazima usome kitabu cha gari lako. Kila gari lina tabia zake."

Jicho alipitisha mkono juu ya bampa, taratibu, kama anavyopapasa ubao uliopigwa randa vizuri.

"Aliyebuni kitu hiki," alisema, "ni fundi."

"Ni fundi hasa," alikubali Mama Usukani. "Mimi nimefundisha udereva miaka mingi, na bado nakistaajabia. Sasa nikuonyeshe mahali ufundi wake unapoishia."

Aliwaomba mama na mke wakae barazani, mbali kabisa. "Jambo hili halijaribiwi kwa mtu," alisema. "Hata kwa mzaha. Hata kwa kuku."

Aliweka boksi kubwa la karatasi nyuma ya gari. Jicho akawasha, mlio umerudishwa, akarudi nyuma polepole. Gari likalia, kisha likajifunga breki. Boksi halikuguswa. Barazani mama alipiga makofi.

"Mguu wako usiwe mbali na breki," alisema Mama Usukani kupitia dirishani. "Likisimama lenyewe, wewe pia kanyaga. Magari mengi hushikilia kwa muda mfupi tu, kisha huachia."

Kisha aliondoa boksi. Akachukua ufito mwembamba kutoka karakana, akausimika kwenye maranda. Pembeni yake akalaza kigogo kifupi.

"Rudi tena."

Jicho akarudi. Safari hii gari halikulia. Ufito ukainama chini ya bampa, ukavunjika, kah. Tairi likagusa kigogo.

Jicho alizima gari.

"Halikuona," alisema.

"Halikuona. Kitu chembamba, kitu kifupi, kitu kilicholala chini, vyote vinaweza kulipita. Mtoto anayechutama au anayekuja mbio kutoka pembeni pia. Sasa njoo utazame kamera."

Kamera ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi, juu ya kibao cha namba. Ilikuwa imefunikwa na vumbi la mbao. Mama Usukani aliwasha gari, na kwenye dashibodi wakaona ukungu mtupu.

"Hata ungeitazama leo asubuhi, usingemwona mama," alisema. "Gari lilibaki na sensa peke yake. Vumbi lingezidi kidogo, au kungekuwa na tope, nazo zingeweza kuzibika."

"Kumbe nilikuwa nimelifumba jicho," Jicho alisema.

"Ulilifumba, na mdomo ukauziba. Nalo likakusaidia hivyo hivyo."

Mke wa Jicho, aliyekuwa amesogea karibu, aliuliza, "Mwalimu, watu husema ajali haina kinga. Je, si kweli?"

"Husema hivyo kila siku, dada yangu. Lakini ajali nyingi za kwenye maegesho zina kinga, na kinga yake ni rahisi." Alimgeukia Jicho. "Kabla ya kuingia garini, lizunguke lote. Tazama nyuma, tazama chini. Ukimaliza kuzunguka, ingia, washa, ondoka. Usirudi ndani kunywa chai, maana ukitoka, uani hapako tena kama ulivyopaacha."

Jicho aliitikia kwa kichwa.

"Jambo jingine. Ukifika nyumbani, egesha kinyumenyume. Wakati huo umetoka barabarani, umeshaona nani yuko wapi. Asubuhi utatoka mbele kwa mbele, na utaona kila kitu kwa macho yako. Na popote utakapoegesha, vuta breki ya mkono. Kwenye mteremko, geuzia matairi ukingoni mwa barabara. Gari likiteleza litaegemea ukingo, halitamfuata mtu."

Mama Usukani alipoaga, Jicho alichukua mbao. Mchana huo alisahau mteja, akasahau chakula. Alijenga uzio mfupi wenye kilango, ukitenganisha mahali pa gari na mahali pa maranda. Kwa mara ya kwanza mkewe alimwona akipima kwa futi, tena kwa makini. Mama alipewa upande wake, na benchi la kukalia, ingawa benchi lenyewe hakulikalia sana.

Mama alijipa kazi nyingine pia. Kila asubuhi, gari likiwa limezimwa na ufunguo ukining'inia ukutani, alichukua kitambaa laini chenye maji, akapangusa kamera na sensa moja baada ya nyingine.

"Namwosha uso," aliwaambia majirani. "Yeye ndiye aliyeniona."

Jicho hakukibonyeza tena kitufe kile. Mlio uliokuwa ukimuudhi sasa aliusikiliza kama mtu anayesikiliza rafiki. Na kila mara, kabla ya kuingia garini, alizunguka. Mwanzoni wateja walimtania, wakimuuliza kama gari limepotewa na kitu. Aliwajibu kuwa bado hakijapotea, ndiyo maana anatazama.

Msimu wa mvua ulipofika, Jicho alikwenda yadi ya mbao kununua bidhaa. Yadi ilikuwa tope tupu. Malori yalikuwa yamepanga foleni, na watu wakipita na mbao mabegani. Aliegesha, akachagua mbao zake, akapakia. Alipotaka kuondoka, aliona lori limesimama mbele yake. Ingemlazimu arudi nyuma.

Alizunguka gari. Bampa la nyuma lilikuwa limepakwa tope zito, sensa hazionekani. Alitoa kitambaa, akainama ili apanguse. Ndipo alipoiona miguu.

Miguu miwili, yenye viatu vya mpira, ilikuwa imenyooka chini, nyuma kabisa ya tairi lake. Mwenye miguu alikuwa fundi wa magari. Alikuwa amelala chali chini ya lori lililokuwa kando, akikaza kitu kwa spana, akiimba peke yake. Alikuwa ameingia pale wakati Jicho anachagua mbao.

Jicho hakuwasha gari. Alikaa juu ya rundo la mbao, akasubiri. Mvua nyepesi ilianza kunyesha. Wimbo wa chini ya lori uliisha, mwingine ukaanza. Hatimaye fundi akajisukuma nje, uso umejaa grisi. Alimwona mtu amelowa, amekaa, anamtazama. Akaitazama miguu yake, akalitazama tairi.

"Umenisubiri mimi?" aliuliza.

"Nimekusubiri wewe."

"Mbona hukupiga honi?"

"Ungeshtuka, ukagonga kichwa."

Fundi alisimama, akajipangusa mikono, akapokea kitambaa mkononi mwa Jicho. Akapangusa sensa zote mwenyewe, na kamera. Jicho alizunguka gari mara nyingine, akaingia, akawasha. Fundi alisimama pembeni, mahali anapoonekana, akamwongoza kwa mkono mpaka gari likageuka salama.

Jioni ile, mvua ikiwa imekatika, fundi alirudi kwake kwa miguu yake miwili.