Majibu ya Mama Verdiana

Mama Verdiana anaishi peke yake Kamachumu, katika nyumba ya vyumba vinne. Mume wake alifariki. Mabinti zake wawili wameolewa mbali, na mtoto wa mwisho, Apolinary, anafanya kazi Dar es Salaam. Asubuhi mama huondoa majani makavu ya migomba kwenye kibanja chake, shamba linalozunguka nyumba. Mchana hupika ndizi na maharage kwenye sufuria ndogo, kwa sababu mlaji ni mmoja. Jumapili, baada ya ibada, hukaa na simu yake ya kitochi mapajani. Hiyo ndiyo saa ambayo Apolinary alizoea kumpigia.

Mama ana kisukari, huu ni mwaka wa sita. Kila baada ya miezi mitatu huenda kliniki katika hospitali moja Bukoba. Hospitali hiyo ilianza kutuma majibu ya vipimo kwa mtandao. Mgonjwa anafunguliwa akaunti, na majibu yakitoka anayasoma kwenye simu bila kulipa nauli. Ni jambo jema, nami niliye mwalimu wa hapa kijijini nimelisifia sana. Lakini mtandao huo ulikuwa na kasoro zake. Ulikuwa kwa Kiingereza, ulitaka simu kubwa, na ulikubali namba moja tu ya simu. Mama hana simu kubwa. Siku ya kuandikishwa Apolinary alikuwa likizo nyumbani. Akasema mambo yasiwe mengi, akaandika namba yake mwenyewe.

Mwezi wa tisa mama alipimwa damu na mkojo. Aliambiwa majibu yatatumwa, akarudi nyumbani kusubiri.

Majibu yalimfikia Apolinary siku ya tatu. Yalisema figo za mama zimeanza kuathirika, arudi ndani ya wiki mbili abadilishiwe dawa. Sasa hapa nitamsema Apolinary, ingawa nilimfundisha kusoma na ninampenda. Kwetu habari mbaya haisemwi kwenye simu. Unamfuata mtu alipo, unakaa naye, unamwandaa, ndipo unasema. Hata kukiwa na msiba, aliye mbali huambiwa tu aje nyumbani, kuna mgonjwa. Ni desturi ya huruma, siikatai. Lakini figo zinazojua desturi ziko wapi? Apolinary alipanga kumwambia mama yake Krismasi, atakapokuja. Na kwa kuwa aliogopa mama angemgundua kwa sauti, akaacha kumpigia.

Jumapili ya kwanza mama alidhani mtandao wa simu unasumbua. Ya pili alidhani ni kazi. Ya tatu hakudhani kitu, alikaa tu. Akipiga yeye, Apolinary anasema yuko kwenye kikao, atapiga baadaye. Niseme wazi, upweke ule ulimuuma mama kuliko sukari. Kuhusu hospitali alijipa moyo kwamba kama kungekuwa na ubaya wangesema. Akaendelea na dawa zilezile. Miguu ikaanza kuvimba, viatu vikagoma kuingia, akavaa kandambili na kunyamaza. Angemwambia nani?

Aliyeiona miguu hiyo ni Joanitha, mhudumu wa afya wa kitongoji, ambaye hupita nyumba kwa nyumba. Alibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Akauliza vipimo vilisemaje. Mama akajibu kwamba majibu bado hayajatoka.

"Wiki ya tano hii, mama. Haiwezekani," Joanitha alisema.

Akapiga namba ya hospitali iliyo kwenye kadi ya kliniki, kisha akampa mama simu aongee mwenyewe, kwa maana majibu ni yake. Muuguzi aliuliza namba ya kadi na tarehe ya kuzaliwa. Akaeleza kwamba majibu yalitumwa siku nyingi, na yalifunguliwa yakasomwa. Akamwomba mama afike kesho yake bila kukosa.

Mama alikaa na ile simu mkononi. Alijua ni nani aliyesoma. Akampigia Apolinary, akamwambia leo asitaje kikao, hospitali imesema majibu yalishasomwa. Kijana alikiri.

"Mama, ningekuambiaje na uko peke yako humo ndani? Nani angekushika?"

"Upweke nimeuzoea, mwanangu. Kufichwa sijakuzoea. Mwili ni wangu, umeujua wewe kabla yangu. Tena ukaninyima hata sauti yako."

Apolinary alilia. Mama naye alilia, na Joanitha akasogea pembeni akawaachia nafasi.

Kesho yake Joanitha alimsindikiza mama Bukoba, na daktari alibadilisha dawa na kumwagiza apunguze chumvi. Alisema bado hawajachelewa, ila kungoja Krismasi kungekuwa hatari. Kabla ya kuondoka, Joanitha alimpeleka mama kwa Bwana Rugaibula, msimamizi wa mtandao wa hospitali, aliyekuwa akikusanya maoni ya wagonjwa. Mama hakumung'unya maneno. Alisema majibu yake yameandikwa kwa lugha asiyoijua, yametumwa kwenye simu isiyo yake, na hakuna aliyempigia kuhakikisha kama amepata. Rugaibula hakuchukia. Aliandika yote.

Mwezi wa kumi na mbili mtandao ulikuwa umerekebishwa. Apolinary alipokuja likizo, Joanitha alikaa nao wote wawili akawaeleza.

"Mama, akaunti ni yako, kwa namba yako. Majibu yakitoka utapata ujumbe wa Kiswahili hapahapa kwenye kitochi. Ujumbe hautaji ugonjwa, mtu akiuona hajui kitu. Unaweka namba yako ya siri, unasoma. Ukishindwa, njoo zahanati tusome pamoja. Likiwa jambo zito, muuguzi atakupigia."

"Na huyu?" mama aliuliza, akimtazama mwanawe.

"Anafungua akaunti yake, kama msaidizi wako. Wewe ndiye unamruhusu, na unachagua aone nini. Ukibadili mawazo unamtoa. Namba ya siri usimpe, hata yeye."

Mama alifikiri kidogo. Akasema Apolinary aone tarehe za kliniki na dawa. Majibu pia aone, lakini mama mwenyewe akishayafungua kwanza. Rugaibula alikuwa ameliweka na hilo.

Januari mama alipimwa tena. Ujumbe uliingia siku ya Jumatano akimenya ndizi. Alinawa, akafuta mikono, akaweka namba ya siri, akasoma polepole. Figo hazijapona, lakini haziendelei kuharibika. Sukari imeshuka. Alikaa kwenye kigoda chake, nyumba kimya, hana wa kumwambia.

Simu ikaita. Ilikuwa Apolinary.

"Mama, naona umeyafungua. Umeyasoma?"

"Yote. Unataka nikusomee?"

Apolinary alikuwa na majibu hayohayo mbele ya macho yake.

"Nisomee, mama," alisema.

Mama akamsomea neno kwa neno, na mwanawe akasikiliza mpaka mwisho.